Kasuku wa Mama Tumpe na Kuku Kumi na Wanane

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisi mliniomba niwaandikie kazi yetu ilivyokuwa zamani. Nadhani mlitaka habari za vyeo. Vyeo vyangu vimo ndani ya jalada, jalada limo ndani ya kabati, na kabati lina mchwa, kwa hiyo anayetaka kuvisoma afanye haraka. Mimi nitaandika juu ya miaka ya mwanzo, miaka ya hamsini, Iringa na Mbeya. Naikumbuka kuliko yote iliyofuata. Tena ndani yake kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mke wangu, ambaye kwa kawaida huyajua mambo yangu kabla yangu mwenyewe. Ni jambo la aibu. Nimelizunguka miaka mingi kama mbwa anayetafuta pa kulala, na sasa naona nilale.

Mimi ni Mhehe wa upande wa Kilolo. Nilianza kazi kwenye josho moja nje ya mji wa Iringa, kibarua wa kupitisha ng'ombe. Siku ya kwanza niliwekwa ukingoni, nikaambiwa, "Simama hapa, ng'ombe akisita msukume." Hakuna aliyeniambia la kufanya kama ng'ombe hatasita. Fahali wa kwanza aliruka kwa moyo wote, na nusu ya josho ikanipanda mwilini. Mzee mlinzi wa josho alinimwagia ndoo tatu za maji safi, akanikagua macho, kisha akanisalimia kana kwamba ndiyo kwanza nafika: "Kamwene, bwana. Sasa umeajiriwa." Kupe hawakunisogelea mwaka mzima.

Baada ya misimu miwili nikapelekwa kozi. Nilirudi na cheti, kaptura ya kaki iliyopigwa pasi, na kichwa kilichovimba. Kitabu cha kanuni za magonjwa nilikijua kwa kurasa: sotoka ukurasa fulani, kimeta ukurasa fulani, mdondo wa kuku ukurasa wa kushoto chini. Mtu akinitajia ugonjwa, nilikuwa naona ukurasa kabla sijamwona mnyama. Nilidhani huo ndio utaalamu. Nikapangiwa Mbeya, kuwa msaidizi wa Mzee Asegelile.

Mzee Asegelile alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi sikio moja. Alinipokea kwa kunionyesha vifaa kimoja kimoja, kama mtu anayekutambulisha kwa ndugu zake. Nyinyi leo mnatumia sindano mara moja mnatupa. Sindano zetu tuliziita kwa majina. Zilikuwa nene, tukizinoa juu ya jiwe la mafuta na kuzichemsha kwenye sufuria juu ya stovu ya mafuta ya taa. Bomba lilikuwa la kioo, na likivunjika uliandika barua ya kurasa mbili kueleza lilivyovunjika. Kipimajoto kilifungwa uzi mrefu wenye kibanio cha kushika mkia, kwa sababu kimoja kilikwisha kupotelea kule kinakopimia na hakikurudi salama. Kulikuwa na trokaa pia, chuma cha ncha kali cha kutobolea tumbo la ng'ombe lililojaa gesi. Niliipenda trokaa kuliko vyote. Ilikuwa na sauti: gesi ikitoka, kila mtu anasikia.

Kilichonishinda kwa mzee huyu ni kukaa. Tukifika kwa mtu mwenye ng'ombe mgonjwa, alikuwa haendi kwa mnyama. Aliomba kigoda, akakaa, akaamkiana na mwenye mji kwa kirefu: habari za watoto, habari za migomba, habari za msiba wa mwaka juzi. Kisha akauliza maswali mawili, yale yale kila siku. Jana alilala wapi? Jana alikula nini? Mimi nilikuwa nimesimama na mkoba begani, nahesabu muda unavyopotea.

Nakumbuka ng'ombe wa Msafwa mmoja mlimani juu ya mji. Tumbo limevimba upande wa kushoto hadi ngozi inang'aa, mate yanamtoka kama uzi. Nikaichomoa trokaa. Mzee Asegelile hakuniangalia hata kidogo, alikuwa kwenye kigoda anauliza.

"Jana alikula nini?"

"Majani tu, Mzee."

"Na leo asubuhi? Hapo karibu mmechimba nini?"

"Viazi. Tumechimba viazi tangu alfajiri."

Mzee akasimama, akapapasa shingo ya ng'ombe kutoka chini ya taya kushuka, akaona uvimbe, akausukuma taratibu kwa vidole gumba kuelekea juu. Kiazi kizima kikatokea mdomoni. Ng'ombe akatoa gesi kwa mdomo, sote tukarudi nyuma, na tumbo likalegea. "Weka chuma chako, mwanangu," akaniambia. "Leo tulikuwa wapishi." Nilicheka, lakini moyoni nilisema ni bahati tu. Hicho ndicho kiburi nilichokuwa nacho, na sikukiita hivyo.

Mwezi wa sita wa mwaka ule Mzee alikwenda Chunya kuchanja ng'ombe, akaniachia ofisi kwa siku kumi. Aliniagiza neno moja: "Ukiona jambo hulijui, andika, nitalikuta." Basi siku ya pili yake akaja Mama Tumpe na tundu lililofunikwa kwa kanga.

Alikuwa mama wa makamo, wa Ilomba, ambapo siku hizo palikuwa nje ya mji, mashamba na nyumba chache. Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa akipeleka mayai hospitali. Umri wake ulikuwa wa mama yangu. Ilinipasa kusimama na kusema shikamoo. Sikusema. Niliketi nyuma ya meza ya Mzee, nikasubiri aniamkie yeye.

"Habari za kazi, Bwana Mifugo. Ile kasuku yangu inapiga chafya tangu juzi. Haitaki kusema."

"Mama, hapa tunatibu ng'ombe."

"Najua, tata," akasema, akiniita baba kwa Kinyakyusa. " Lakini si mnatibu wanyama? Na hii ni mnyama."

Akafunua kanga. Kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, amejivimbisha manyoya, jicho moja limefumba. Mumewe, Baba Tumpe, alimnunua kwa Mkongo mmoja alipokuwa akitoka migodini kusini, akampa jina la Kapitao, kama msimamizi wa vibarua, kwa sababu aliamrisha kila mtu. Kisha Baba Tumpe alirudi migodini. Barua zilikuja mwaka mmoja, zikakoma. Binti yao Tumpe alikuwa ameolewa mbali. Nyumbani akabaki mama na kasuku, na kila kukicha kasuku aliita kwa sauti ya mwenye nyumba: "Mama Tumpe, amka! Kumekucha!"

"Nikiisikia naona yupo chumba cha pili," akasema. "Isipoita, nyumba inakuwa kubwa sana."

Sikuwa najua kitu chochote kuhusu kasuku. Ningeandika, Mzee angelikuta. Badala yake nikakohoa kidogo, nikasema yule ni ndege wa nchi za joto, baridi ya Mbeya imemwingia kifuani. Nikachukua karatasi ya ofisi nikaandika kwa herufi kubwa: afungiwe chumbani, madirisha yafungwe, nyufa zizibwe kwa matambara, jiko la mkaa liwekwe karibu naye usiku kucha. Nikaweka sahihi. Nikapiga muhuri, ambao ni wa vibali vya kusafirisha ng'ombe. Mama Tumpe aliipokea karatasi kwa mikono miwili.

Joto lenyewe halikuwa kosa. Ndege mgonjwa hupenda joto, na mkija kuletewa mmoja mpeni. Lakini mkaa ndani ya chumba kilichozibwa ni kifo, na hilo mwenzenu nililijua tangu utotoni, maana kwetu Kilolo kila kipupwe tulisikia nyumba iliyolala isiamke. Nililijua na sikulifikiria. Nilikuwa nafikiria muhuri.

Siku ya tatu asubuhi jirani yake, Mama Ipyana, alifika ofisini anahema. "Bwana Mifugo, njoo, kasuku ya Mama Tumpe inakufa!" Nikapanda baiskeli.

Nilimkuta Mama Tumpe kizingitini, kasuku mapajani ndani ya kanga. Mama mwenyewe alikuwa amepauka midomo, amejiegemeza mlangoni.

"Nimeamshwa na kishindo," akasema. "Imeanguka toka kwenye kijiti chake hadi chini. Sijui nilivyolala leo. Nilitambaa kuja mlangoni. Kichwa kinanigonga, nimetapika mara mbili."

"Pole, mama. Ni uchungu wa ndege wako," nikamwambia.

Nilisema hivyo. Mwanamke ameniambia kwa kinywa chake yote niliyohitaji kujua, na mimi nikamjibu kama mchungaji mvivu. Nikamwinamia ndege. Anapumua mdomo wazi. Shingo imelegea, inakwenda upande. Miguu haimshiki. Chini ya tundu, kinyesi cha kijani kibichi. Ukurasa ukanijia wazi kabisa, wa kushoto, chini: shida ya kupumua, shingo kupinda, kupooza, kuharisha kijani. Mdondo. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi kuwa wa kwanza kuuona mdondo Ilomba, na Mzee yuko Chunya.

Kanuni ilisema ndege wote wa ua ule wauawe na kuchomwa, wa majirani wafungiwe ndani wiki tatu, na mgonjwa apelekwe ofisini akachunguzwe. Nikamrudisha kasuku ndani ya tundu, nikalitundika nje, ukingoni mwa paa, upepo wa mlima Loleza ukimpiga, asije akaambukiza watu wa nyumbani. Nikaita vibarua wawili wa barabara, wakachimba shimo.

Mama Tumpe alikuwa na kuku kumi na wanane. Tangu barua zikome aliishi kwa kuku hao, na si kwa mayai tu. Akina mama wa pale walikuwa na desturi ya kupeana mbegu: msichana akiolewa, au mtu akifiwa na kuku wake, jirani humpa tetea mmoja aanze naye, na vifaranga vya kwanza hurudi alikotoka. Nusu ya kuku wa Ilomba walitoka kwa Mama Tumpe. Ndiyo heshima aliyokuwa nayo, mwanamke asiye na mume mlangoni.

"Tata, kuku zangu zinakula. Zitazame," akasema. "Ngoja Mzee arudi."

"Mzee anarudi baada ya siku tano. Mdondo hausubiri mtu, mama."

"Basi zifunge tu, kama za Mama Ipyana. Zikifa, zitakufa zenyewe."

"Ni sheria."

Vibarua walijaribu kuwakamata, kuku wakatawanyika migombani. Tulikimbizana nao, kaptura yangu ikapata matope. Mama Tumpe alitutazama kwa muda. Kisha akasimama kwa kushika ukuta, akaingia ndani, akatoka na mtama kwenye ungo. Akaita, "Ti, ti, ti, ti." Wakaja wote, mbio, wakamzunguka miguuni. Akawa anawaokota mmoja mmoja, anawabana mbawa ili wasiumie, na kunikabidhi.

Nilikuwa nimefikisha wa nane au wa tisa nilipoinua kichwa nikamwona kasuku. Alikuwa amepanda tena kwenye kijiti chake. Shingo imenyooka. Akashuka kwenye kopo, akanywa maji, akajitikisa manyoya. Mwenye mdondo hafanyi hivyo. Nililijua hilo pale pale, kisu mkononi, wala sikuhitaji kitabu. Nilijua, na majirani walikuwa wamejaa uani wakiniangalia mimi na kaptura yangu, na kuku wanane au tisa walikuwa shimoni. Kama ningesimama wangeniuliza wale je. Nikanyoosha mkono kupokea mwingine.

Wakati walipokuwa wamebaki watano, kasuku akaita kwa sauti nzito ya mwanamume: "Mama Tumpe, amka! Kumekucha!"

Watu wote waligeuka. Mama Tumpe alimkumbatia tetea aliyekuwa mkononi mwake. "Ee Kyala, Mungu wangu! Umeisikia? Imepona! Bwana Mifugo, imepona!"

"Hujikaza hivyo kabla ya kufa," nikasema. "Nipe huyo."

Akanipa.

Nimeshika kazi hii miaka mingi. Nimekosea ng'ombe, nimekosea punda, nimemdunga sindano mwenye ng'ombe badala ya ng'ombe. Makosa hayo nayasimulia watu wakacheka. Wale tisa au kumi wa mwisho hawako katika makosa hayo. Wale niliwaua nikijua.

Mzee Asegelile aliporudi alimkuta Kapitao juu ya kabati la ofisi, mnene, anamwamuru tarishi kuamka. Nikamweleza dalili za ndege na za mama. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akavuta kiti akakaa mbele ya tundu.

"Alikula nini siku ile?"

"Sikuuliza, Mzee." Kisha nikakumbuka rundo la mboga lililokuwa karibu na mlango. "Nadhani figiri. Mama hulima figiri."

"Basi ndiyo kijani chako. Na alilala wapi?"

"Chumbani kwa mama."

"Na jiko la mkaa?"

Nikaanza kupanga karatasi za mezani.

"Lilikuwamo?"

"Lilikuwamo, Mzee."

"Nani aliyemwambia aliingize?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, vijana. Mzee hakuwa ameuliza kwa ukali. Nami nilikuwa kwenye majaribio ya kazi, na aliyeniuliza ndiye wa kuandika ripoti yangu, lakini sitaki kujificha nyuma ya ripoti. Niliona haya tu.

"Sijui, Mzee. Wanawake hawa, baridi ikizidi, hufanya wanavyotaka."

Tukaenda Ilomba pamoja, mimi nikisukuma baiskeli, yeye amebeba tundu. Njia nzima nilikuwa naifikiria ile karatasi. Siku ya kuku niliiona ukutani juu ya kitanda, ameibandika kwa uji wa unga, muhuri unaonekana kutoka mlangoni. Tulipoingia haikuwapo. Palikuwa na alama tu ya unga uliokauka. Mama Tumpe alikuwa amesimama karibu nayo, mikono ndani ya kanga.

Mzee alimwamkia, akakaa, akauliza habari zote za kuuliza. Kisha akamweleza taratibu kwamba mkaa una sumu isiyoonekana, hukaa chumbani kimya, humwangusha mdogo kwanza. "Kama si ndege huyu kuanguka na kukuamsha, mama, tungekuwa tumekuja kuzika. Nani alikushauri jambo hili?"

Mama Tumpe aliniangalia. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anavyoangalia kitu alichokiokota njiani, anajiuliza kama kina kazi.

"Ni ujinga wangu, Mzee," akasema.

Mzee akavua kofia. "Basi na sisi tuna ujinga wetu. Kuku wako hawakuwa na mdondo. Mwanangu huyu alifuata kitabu, dalili zinafanana, lakini kuku wako walikuwa wazima. Nakuomba radhi kwa niaba yake." Alikuwa na umri wa kuwa babu yangu, na alikuwa ameinamisha kichwa kwa ajili yangu mbele ya mwanamke niliyemsingizia. Mimi nilikuwa naangalia alama ya unga ukutani.

Tulipotoka akaniambia, "Jumapili baada ya kanisa pita kwa majirani. Waambie haukuwa mdondo. Wewe ndiye uliyetangaza, na wewe ndiye wa kutangua."

Jumapili ile nilifua nguo. Jumapili iliyofuata kulikuwa na mvua, mvua ya mwezi wa sita, ambayo Mbeya hamtaikuta. Mzee aliponiuliza nilisema nimekwisha kupita. Kabla ya mwezi kwisha nikahamishiwa Iringa, na nilishukuru Mungu kwa uhamisho ule kana kwamba aliuleta yeye.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinichukua hadi Iringa, ikanipa kazi nzuri, ikaniweka huko miaka miwili ya kusifiwa. Nilijifunza kukaa kwenye kigoda. Nilijifunza kuuliza alilala wapi, alikula nini. Wafugaji wa huko walisema, kijana huyu ana heshima, amefundwa. Kila niliposikia hivyo nilitazama chini, nao wakazidi kunisifia kwa unyenyekevu.

Baada ya miaka miwili nilitumwa kusindikiza ng'ombe wa mbegu hadi Mbeya. Mzee Asegelile alikuwa amestaafu, amerudi kwao Tukuyu. Nikaazima baiskeli ya ofisi, nikaenda Ilomba mchana, nimeazimia kusema.

Uani kwa Mama Tumpe hakukuwa na kuku hata mmoja. Ardhi ilikuwa safi, imefagiwa, haina hata kinyesi. Kapitao alikuwa kwenye tundu lake ukingoni mwa paa. Safari hii nilisema shikamoo, nikainama kabisa.

"Marahaba, tata. Umekonda."

Akanipa kigoda. Nikamwuliza mbona hafugi.

"Nitapata wapi mbegu?" akasema. "Nani atanipa? Walisema ugonjwa upo ndani ya udongo wangu, tena nimeuleta mwenyewe na kasuku yangu. Hata figiri yangu hawakuitaka tena. Watoto wanakatazwa kupita hapa. Niliwaambia Mzee Asegelile amesema kuku zilikuwa nzima. Wakasema, mbona Bwana Mifugo mwenyewe hajatuambia?"

Nilianza kulia. Nilisema, mama, ulijua ni mimi niliyeandika karatasi, ungeweza kumwonyesha Mzee, kwa nini ulinificha?

"Sikukuficha wewe," akasema, bila kupandisha sauti. "Yule mzee tulimsikia tangu njiani anakuja, anakuita mwanangu, mwanangu. Nilimwonea huruma yeye. Sikutaka ajue ana mtoto wa namna gani."

Nikafuta uso kwa kiganja. Kisha nikamwuliza nifanye nini.

"Mama Ipyana yule pale, anaanika mahindi. Yeye akijua, wote watajua. Nenda umwambie. Basi."

Ni hatua arobaini hivi, kuvuka njia. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Mama Ipyana aliponiona aliacha mahindi, akapiga vigelegele.

"Bwana Mifugo! Karibu, karibu! Wewe ndiye uliyetuokoa. Hata kuku yangu moja haikufa, tata! Bila wewe yule mama angetumaliza." Akaita majirani wawili, wakaja wakifuta mikono, wakanishika mkono kwa zamu. Nikaletewa kiti cha mgongo, chai ya maziwa, ndizi za kuchemsha. Mmoja akamwambia mwenzake, "Ndiye huyu, kijana kama huyu, lakini hakutetereka." Nikasema asanteni. Nikauliza habari za mahindi. Nikamaliza chai, nikaongezewa, nikamaliza tena, na maneno yangu yalikuwa yamekaa kooni, na kila walipozidi kunishukuru yalizidi kushuka.

Niliporudi kuchukua baiskeli, Mama Tumpe alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia vigelegele, ameona tunavyoshikana mikono na kucheka.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia, mama," nikasema.

Alifumba macho kidogo. "Ndaga, tata," akashukuru. "Ndaga fijo. Mungu akulinde." Akaingia ndani haraka, akatoka na kanga nyingine, ile nzuri, akiifunga huku anatembea. Akachukua na ungo wake, ule wa kuitia kuku. Akavuka njia kwenda kwa Mama Ipyana, anamwita kwa jina kutoka mbali, kwa sauti ya mtu anayejua atakaribishwa. Mimi nikapanda baiskeli, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote, nisije nikasikia atakavyojibiwa.